Mikono Imepata Soko, Magongo Bado

Mechi tatu ambazo mashabiki wa besiboli mjini Kampala hawachoki kuzisimulia ziliisha hivi: 2-1, 3-2 na 4-1. Ya kwanza ilichezwa Januari 2012, watoto wa Langley, British Columbia, walipofunga safari kutoka Kanada hadi Uganda. Ya pili ilikuwa Agosti mwaka huohuo mjini Williamsport, Pennsylvania, watoto wa Lugazi walipowafunga wenzao wa Gresham, Oregon. Ya tatu ilikuwa Agosti 2015, mji uleule, Uganda ilipoilaza Jamhuri ya Dominika, nchi inayopeleka wachezaji wengi katika ligi kuu ya Marekani kuliko nchi nyingine yoyote ya kigeni.

Sasa yasome matokeo hayo upya. Katika mechi tatu tunazojivunia kuliko zote, Uganda ilipata mikimbio tisa tu. Wapinzani waliambulia minne. Timu inayoshinda kwa mikimbio miwili, mitatu au minne inashinda kwa mkono wa mrushaji na glavu za wadakaji. Gongo limekuja kusalimia tu. Na Lugazi walipokutana na warushaji wa Panama na Mexico mwaka 2012, walifungwa 9-3 na 12-0.

Nayasema haya kwa sababu kila ligi kuu ya Marekani inapofunga msimu wake, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, mijadala miwili huibuka upya miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu hapa Kampala. Mmoja unahusu namna bora ya kupiga mpira: kugusa na kukimbia, au kuzungusha gongo kwa nguvu zote mpira uvuke uzio. Wa pili unahusu biashara ya wachezaji: nani atabadilishwa na nani kabla ya kambi za Februari kufunguliwa, na vijana wetu walioko huko wataangukia wapi. Watu huijadili mijadala hii kana kwamba haihusiani. Mimi naona ni mjadala mmoja, na jibu lake limo katika matokeo yale matatu.

Kwa msomaji aliyezoea soka, historia fupi. Mwaka 2011 timu ya Rev. John Foundation ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika yaliyofanyika Kutno, Poland, na ikapata tiketi ya kwenda Williamsport kwenye fainali za dunia za watoto wa miaka 11 na 12. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Marekani ikawanyima viza kwa sababu karatasi za umri na uzazi zilikuwa na mgongano, na nafasi yao wakapewa watoto wa Dhahran, Saudi Arabia, timu ileile waliyokuwa wameifunga. Langley ndio waliopangwa kucheza na Uganda mechi ya kwanza, na ndiyo maana walikuja wenyewe miezi mitano baadaye. Mwaka huohuo wa 2012 Lugazi, mji wa sukari ulio kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, ukafuta machozi kwa kufika Williamsport na karatasi zilizokamilika.

Nyuma ya safari hizo zote alikuwepo Richard Stanley, mhandisi wa kemikali mstaafu na mfanyabiashara wa Marekani, aliyejenga viwanja na shule ya sekondari wilayani Mpigi, magharibi mwa Kampala. Kabla yake na sambamba naye walikuwepo Wajapani wa kujitolea wanaoletwa na JICA, waliofundisha besiboli mashuleni. Wamarekani na Wajapani, basi. Kumbuka mataifa haya mawili, maana ubishi wetu wa gongo umezaliwa kwao.

Tuanze na mkono. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasainisha Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates walimsainisha David Matoma, kijana ambaye mpira wake wa kasi hukaribia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Serunkuma ni mrushaji. Matoma ni mrushaji. Skauti wa vipaji anapotua Entebbe, kitu cha kwanza anachotoa kwenye begi ni bunduki ya rada.

Kwa nini mkono? Maelezo yanayopendwa ni kwamba mtoto wa Kiafrika hukua akirusha mawe kuangusha maembe. Ni hadithi tamu, na waandishi wa kigeni huinunua kwa bei nzuri, lakini watoto hurusha mawe dunia nzima. Sababu ya kweli ni kavu zaidi. Mkono hupimika alasiri moja. Unamsimamisha kijana kwenye kilima cha mrushaji, anarusha mipira ishirini, rada inasoma namba, na skauti anajua kama kuna kitu cha kupeleka nyumbani. Hahitaji kujua kijana amecheza mechi ngapi wala na nani.

Pirates wenyewe walishalithibitisha hilo kabla hawajafika Uganda. Mwaka 2008 nchini India yaliendeshwa mashindano ya televisheni ya kutafuta kijana anayerusha kwa kasi kuliko wote. Mshindi, Rinku Singh, alirusha maili 87 kwa saa. Yeye na mwenzake Dinesh Patel walikuwa warusha mkuki, hawakuwahi kucheza besiboli, na kabla mwaka haujaisha wote wawili walikuwa wamesaini na Pirates. Hawakufika ligi kuu, na Singh baadaye akaenda kwenye mieleka ya maonyesho, lakini jambo la kuzingatia ni jingine: hakuna mtu aliyewahi kuandaa shindano la namna hiyo kutafuta mpigaji. Haliwezekani. Huwezi kumchukua mrusha mkuki ukampa gongo ukajua kwa siku moja kama atapiga.

Sababu ni hesabu ya macho na muda. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 160 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na karibu nusu ya muda huo ndiyo mpigaji anayo kuamua: apige au auache? Ni mpira wa moja kwa moja, au ni slaida itakayojipinda mwishoni? Gongo lenyewe ni la duara, na unene wake mkubwa kabisa haufiki sentimita saba. Hakuna anayefikiri ndani ya muda huo. Mwili hukumbuka. Na mwili hauna cha kukumbuka isipokuwa mipira ambayo macho yameshaiona, kwa maelfu.

Hapo ndipo ubishi wetu wa kwanza unapoingia. Waliolelewa na makocha wa Kijapani hushikilia kwamba mpigaji mwema ni yule anayeugusa mpira. Punguza mzungusho, peleka mpira chini upande usio na mtu, kimbia. Jitolee kwa ajili ya mwenzako: mpira mfupi wa kugusa tu unaomsogeza mkimbiaji besi moja mbele wanauona ni heshima, si woga. Mfano wao ni Ichiro Suzuki, aliyepata mipigo salama 262 mwaka 2004, rekodi ambayo haijavunjwa, na aliyeingia Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2025. Ichiro hakuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa na macho na miguu, na vijana wetu, wanasema hawa, wanavyo vyote viwili.

Waliokua chini ya makocha wa Kimarekani, au wanaokesha wakitazama ligi yao kwenye simu, hucheka. Kwao, huo ni mchezo wa zamani. Ted Williams, aliyepiga wastani wa .406 katika msimu wa 1941, aliandika katika kitabu chake kwamba gongo linapaswa kupanda kidogo kwa sababu mpira unashuka kutoka kilimani. Aliligawa eneo la straiki katika mipira 77 na kuonyesha ipi ya kupiga na ipi ya kuiacha. Vizazi vya baadaye vikachukua ile sehemu ya kupandisha gongo. Tangu 2015, kamera na rada zilipofungwa katika viwanja vyote vya ligi kuu, kila mpigo unapimwa kasi na pembe, na namba zimesema wazi kwamba mpira unaopanda una thamani kuliko unaobiringika. Wapigaji wakaanza kuinua. Hom-rani, yaani mipira inayovuka uzio, zikaongezeka, na kukosa mpira nako kukaongezeka, hadi mwaka 2018 ukawa msimu wa kwanza katika historia ya ligi kuu ambapo waliotolewa kwa straiki tatu walizidi mipigo salama.

Ukitaka kuuona ubishi huu ukiwa na mwili, waweke Luis Arráez na Kyle Schwarber pamoja. Arráez, Mvenezuela, alikuwa bingwa wa wastani wa upigaji misimu mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, na msimu mzima wa 2025 alitolewa kwa straiki mara 21 tu. Schwarber hupiga hewa usiku kucha, kisha anapiga hom-rani 56, kama alivyofanya 2025. Desemba mwaka huo Philadelphia Phillies walimpa Schwarber mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 150, akiwa na umri wa miaka 32. Arráez naye alitwaa mataji yake matatu akiwa na timu tatu tofauti: Minnesota, Miami, San Diego. Yaani baada ya kila moja ya mataji yake mawili ya kwanza, mwenye timu alimbadilisha na kitu kingine. Minnesota walimtoa Januari 2023, miezi michache tu baada ya taji lake la kwanza, na walichokitaka zaidi katika biashara hiyo kilikuwa mkono, mrushaji Pablo López.

Kwa hiyo soko limeshaamua? Soko la Marekani, ndiyo. Lakini soko hilo linaamua baina ya watu ambao tayari wanaweza kupiga. Mtu wa Mpigi au Lugazi anayebishana kuhusu pembe ya gongo anabishana juu ya rangi ya paa wakati msingi haujachimbwa. Nasema hivi nikiwaudhi marafiki wa pande zote mbili. Mjapani yuko sahihi kwamba kugusa ni rahisi kufundisha kuliko nguvu, na Mmarekani yuko sahihi kwamba skauti hatamsafirisha mtu baharini kwa sababu anajua kubiringisha mpira. Ila swali linalotangulia yote mawili ni hili: huyu kijana anarushiwa mpira na nani, mara ngapi kwa wiki, kwa kasi gani?

Mpigaji wa ligi kuu anayecheza msimu mzima huingia kupiga takriban mara 600, na kila mara huona mipira karibu minne. Hiyo ni mipira kama 2,400 ya mechi tu, mbali na mazoezi. Kijana wa Dominika akiingia katika ligi ya kiangazi ya nchi yake hucheza mechi zaidi ya 50 kati ya Juni na Agosti, na warushaji wanaomkabili wote wamesainiwa na klabu za ligi kuu. Mpigaji wa Uganda hucheza mechi chache, na mrushaji akitokea kuwa wa hatari kweli, yule ambaye angemnoa macho, klabu ya ng'ambo imeshamchukua. Hiki ndicho kitendawili chetu. Tunavyofanikiwa kuuza mikono ndivyo tunavyowanyima wapigaji wetu walimu wao.

Tazama pia kriketi, maana ni jamaa ya besiboli na huko ushahidi ni mkali zaidi. Juni 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza. Huko Guyana iliifunga Papua New Guinea. Mrushaji Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Wapinzani wakaishia 77. Ulikuwa ushindi wa mikono, na hata hizo 78 tulizihangaikia hadi wiketi saba zikaanguka. Siku chache baadaye West Indies wakatutoa wote kwa mikimbio 39, sawa na alama ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo, na aliyetumaliza, Akeal Hosein aliyechukua wiketi tano, si hata mrushaji wa kasi. Anazungusha mpira polepole. New Zealand wakatutoa kwa 40. Wapigaji wetu hawakukosa ujasiri. Walikuwa wanaona kwa mara ya kwanza mipira ambayo wenzao huiona kila Jumamosi.

Hata zamani ilikuwa hivyo. Afrika Mashariki ilipopeleka timu ya pamoja katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume, Uingereza mwaka 1975, mmoja wa Waganda katika kikosi alikuwa John Nagenda, aliyefariki 2023. Wengi wanamkumbuka kama mshauri wa rais na mwandishi wa safu mwenye ulimi mkali. Uwanjani alikuwa mrushaji wa kasi.

Mwafrika wa kwanza kufika ligi kuu ya besiboli anatufundisha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia kwenye klabu ya Randburg Mets, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Pirates (ndiyo, walewale tena) walimsaini 2008, akakaa ligi ndogo karibu miaka tisa. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa Pittsburgh, na mara yake ya kwanza kupiga, dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, akapata mpigo salama. Bara zima lilishangilia. Lakini kilichomfikisha pale ni glavu. Alikuwa mlinzi wa ndani wa kiwango cha juu. Gongo lilimwangusha: wastani wa .222 katika mechi 28. Novemba ya mwaka huohuo akahamishiwa Toronto, na huko alipata mpigo mmoja katika majaribio 18. Miaka tisa ya kufundishwa na klabu ya kulipwa haikutosha kufidia utoto wa kuona warushaji wachache wazuri. Hapo utaelewa kwa nini simlaumu Dennis Kasumba, mdakaji wetu ambaye video zake za mazoezi ya matairi zilizunguka dunia hadi akaalikwa kuichezea Frederick Keys ya Maryland mwaka 2023. Bidii yake haina shaka. Tairi, hata hivyo, halirushi slaida, na mwaka ule hakuna klabu ya ligi kuu iliyompa mkataba.

Basi tuje kwenye biashara, ambako najua wengi ndiko wanakotaka.

Shabiki wa soka Kampala au Dar es Salaam anaujua usajili kupitia kisa cha Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha zikawa kesi, Okwi akarudi SC Villa, kisha Desemba akaibukia Yanga, na mwaka uliofuata akavaa tena jezi ya Simba. Ilikuwa vurugu, lakini angalia jambo moja: katika kila hatua Okwi mwenyewe aliweka saini. Katika soka klabu hukubaliana bei, na mchezaji bado anaweza kusema sitaki.

Besiboli ya Marekani haina adabu hiyo. Klabu mbili hukubaliana kwa simu, na mchezaji hupigiwa baadaye kuambiwa afungashe. Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kupelekwa Philadelphia Oktoba 1969, akasema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu. Mlango wa uhuru ulifunguliwa kwa wengine mwishoni mwa 1975, na hata leo uhuru huo huja baada ya miaka sita ya ligi kuu. Nyota wachache huandikiwa kipengele cha kukataa kuhamishwa. Kijana wa ligi ndogo hana. Aliyesaini akiwa na miaka 17 hufungwa na klabu kwa misimu saba, na katika muda wote huo anaweza kuwa nyongeza katika dili la mtu mwingine.

Na si lazima abadilishwe na mchezaji. Januari 2025 Dodgers walimtaka Mjapani Roki Sasaki, na kanuni zinaiwekea kila klabu kikomo cha fedha za bonasi kwa vijana wa kigeni. Sehemu ya kikomo hicho nayo hubadilishwa kati ya klabu. Dodgers wakampeleka Dylan Campbell Philadelphia na Arnaldo Lantigua Cincinnati, wapigaji wawili wa ligi ndogo, ili wapate nafasi zaidi chini ya kikomo, kisha wakamsaini Sasaki kwa bonasi ya dola milioni 6.5. Vijana wawili walibadilishwa na tarakimu katika daftari. Kwa upande mwingine wa daftari hilohilo, bonasi isiyozidi dola 10,000 haihesabiwi kabisa katika kikomo. Usijiulize sana, basi, kwa nini klabu tajiri haioni hasara kujaribu bahati katika nchi kama yetu.

Kuhusu Pirates, ambao Kampala ina sababu ya kuwafuatilia, msimu wa 2025 uliweka kila kitu wazi. Mrushaji wao Paul Skenes alikuwa bora kuliko wote katika ligi ya Taifa, nusu moja ya ligi kuu, akiruhusu wastani wa mikimbio 1.97, na bado alimaliza na ushindi kumi na vipigo kumi. Aliwanyamazisha wapinzani, na wenzake wakashindwa kumpigia. Timu ilimaliza ya mwisho katika ligi kuu nzima kwa mikimbio, 583, na ya mwisho kwa hom-rani, 117. Klabu yenye mikono mingi na magongo maskini ina njia moja ya haraka: kuuza mkono kununua gongo. Desemba 2025 wakafanya hivyo mara mbili. Johan Oviedo akaenda Boston, na katika mzigo uliorudi alikuwemo mpigaji kijana Jhostynxon Garcia. Mike Burrows akaenda Houston katika dili la timu tatu lililomleta Brandon Lowe kutoka Tampa Bay.

Mashabiki wetu waliposikia Pirates wanauza warushaji, hofu yao ilikuwa kwamba kijana wa Kiganda atatupwa kama mfuko wa vitunguu wa kujazia mizani. Mimi naitazama kinyume. Katika ligi ndogo jambo la kuogopa ni kuachwa. Kila mwaka klabu huwafuta vijana kwa makumi, bila sherehe, na kwa Mganda kuachwa kunamaanisha viza imekwisha na ndege ya kurudi Entebbe. Kubadilishwa kunamaanisha kuna klabu ya pili iliyomtazama, ikamtaka, ikatoa kitu. Kwa kijana mwenye mkono wa kilomita 160, kuhama kutoka klabu iliyojaa warushaji kwenda isiyo nao kunaweza kuwa njia fupi ya kupanda ngazi. Anayempenda aombe awe na thamani ya kutajwa kwenye meza hiyo.

Fedha nazo zisichukuliwe kwa ndoto. Chama cha wachezaji kilipopata mkataba wa kwanza wa ligi ndogo mwaka 2023, anayecheza ngazi ya chini kabisa ndani ya Marekani alianza kulipwa dola 19,800 kwa mwaka, na anayepanda ngazi inayofuata dola 26,200. Kabla ya hapo ngazi hiyo ya chini ililipa dola 4,800. Walioko katika ligi ya Dominika hawamo ndani ya mkataba huo. Ni kipato cha heshima kwa kijana wa Lugazi, ila si utajiri, na kinakwisha siku mkono unapouma. Bega na kiwiko cha mrushaji ni vitu vinavyokatika. Nchi inayouza mikono peke yake imeweka akiba yake yote kwenye kiwiko.

Nini kifanyike? Hapa nina ombi kwa chama cha besiboli cha Uganda, kwa shule, na kwa Wajapani na Wamarekani wenye moyo wa kutoa. Mnapoandika maombi ya vifaa, punguzeni glavu moja katika kila tano, na badala yake ombeni mashine za kurushia mpira na nyavu za kufanyia mazoezi ya kupiga. Mashine moja inayorusha kilomita 140 kwa saa, ikizunguka Mpigi, Lugazi na Kampala, itamwonyesha mpigaji kwa mwezi mmoja mipira mingi kuliko anayoiona katika mechi zake za miaka miwili. Ongezeni mechi, hata za nusu uwanja, hata za wachezaji sita kwa sita. Na klabu za ng'ambo zinazovuna hapa ziombwe jambo dogo: kila mrushaji wa Kiganda anaporudi likizo kati ya Novemba na Januari, apewe ruhusa ya kuwarushia wapigaji wa nyumbani, kwa idadi ya mipira ambayo kocha wake ataikubali. Hizo ndizo siku pekee katika mwaka ambapo kijana wa miaka 15 wa Uganda anaweza kusimama mbele ya mpira wa kiwango cha Pittsburgh bila kuomba viza.

Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nitamfundisha kijana huyo kwanza kuuacha mpira mbaya, pili kuugusa mzuri, na habari za pembe na hom-rani zisubiri hadi afikishe miaka 18 na kifua kijae. Wanaotaka kubishana nami kuhusu hilo wanajua pa kunipata. Lakini waje na jibu la swali la mrushaji kwanza, na wasije na Schwarber.